Kila Mwaka Naweka Agano na Mungu, Kila Mwaka Navunja. Je, Nisimame Tena?

BARUA

Bwana Yesu asifiwe, Mama. Shikamoo.

Mimi ni mama mwenye umri wa miaka arobaini na kitu, nauza nafaka sokoni hapa Moshi: maharage, choroko, dengu na mahindi. Ni Mlutheri wa kuzaliwa. Nilibatizwa nikiwa mchanga, nikapata kipaimara, nikafunga ndoa kanisani, na sasa naimba kwaya ya akina mama. Nayasema haya ujue kwamba sikuokota imani njiani.

Kila mkesha wa mwaka mpya, usharikani kwetu mchungaji hutuita tusimame tufanye upya agano letu na Mungu. Huwa najiandaa. Nina daftari la ahadi zangu: kuamka saa kumi alfajiri kuomba, kumaliza Biblia nzima ndani ya mwaka, kutoa zaka kamili, kutogombana na wifi yangu, kutosengenya kwenye kikoba. Nasimama, nalia, narudi nyumbani nikiwa mwepesi kabisa. Januari nakwenda vizuri, Februari nasuasua, Kwaresima ikiingia niko palepale nilipokuwa. Mwaka unaofuata nafungua ukurasa mpya na kuandika yaleyale.

Lakini kuna jambo ambalo sijawahi kuliandika. Sado ninayopimia wateja kitako chake kilichomwa moto kikasukumwa ndani. Sikuichoma mimi, niliinunua hivyo, na sokoni kwetu wenye sado za namna hiyo ni wengi. Kwa macho huwezi kujua. Ukiijaza maharage ukayamwaga kwenye sado nzima, ndipo unaona yamepungua kama viganja viwili. Na sado nzima ninayo, iko chini ya meza. Hiyo naitumia akina mama wa vijijini wanapoleta mzigo wao mdogo mdogo, ili wao wasinipunje mimi.

Kuna mama lishe ananunua maharage kwangu karibu kila siku. Anauza chakula kwa mafundi na bodaboda, mjane, ana watoto. Siku moja alisema, "Dada, sijui maharage yangu yanaishia wapi, mbona sufuria haijai kama zamani?" Nikamwambia labda mpishi wake anaiba. Yule binti aliyekuwa akimsaidia kupika sikumwona tena.

Tangu siku hiyo siwezi kwenda mezani pa Bwana. Siku ya Chakula cha Bwana nabaki kwenye benchi, au najifanya naumwa. Mume wangu ameuliza, nikakwepa. Binti yangu yuko darasa la kipaimara, naye ameuliza, "Mama, mbona siku hizi huendi mbele?" Nikamdanganya.

Rafiki yangu akanipeleka kwenye maombi sehemu fulani. Mtumishi akaniambia agano langu na Mungu limekatika, na ili liungwe natakiwa kutoa sadaka ya agano, shilingi 300,000, hata kwa awamu. Nimeshaanza kuziweka pembeni.

Mama, je, agano langu limekufa? Hiyo sadaka niitoe? Na mwaka huu wakituita kusimama, nisimame tena nimdanganye Mungu, au nikae?

Muuza nafaka, Moshi

JIBU

Amina. Marahaba, mwanangu.

Nianze na hela, maana hilo ndilo la haraka. Usitoe hata senti. Usiku ule alipotolewa, Bwana alikishika kikombe akasema, "Kikombe hiki ni agano jipya katika damu yangu." Gharama ililipwa pale, na aliyeilipa hakutuachia salio. Simoni wa Samaria alipowapelekea mitume fedha akitaka kununua kipawa cha Mungu, Petro alimkemea kwa maneno makali mno. Sadaka ni jambo jema, na zaka yako itoe kanisani kwako kwa furaha, lakini mtu akikutajia bei ya kuungwa tena na Mungu, huyo amegeuza msalaba kuwa duka. Hizo ulizokwisha kuweka pembeni zitunze. Zina kazi nyingine, nitakuambia.

Sasa, je, agano lako limekufa? Fungua Mwanzo 15. Abramu aliambiwa alete ndama, mbuzi, kondoo, hua na mwana wa njiwa, akawapasua wale wanyama vipande viwili viwili, akavipanga vikielekeana. Ndivyo watu wa zamani zile walivyofanya agano: wahusika hupita katikati ya vile vipande, kana kwamba wanasema, nikivunja neno langu na mimi nipasuliwe hivi. Abramu angepaswa kupita. Lakini usingizi mzito ukamshika, na giza lilipoingia, tanuru la moshi na mwenge unaowaka vikapita katikati ya vipande. Abramu hakupita. Mungu alipita peke yake, akajitwisha mwenyewe uzito wa agano zima.

Usiupite mstari huo haraka, mwanangu. Umekuwa ukidhani kwamba agano lako na Mungu limening'inia kwenye daftari lako, na daftari likichanika na agano limechanika. Halikuanza kwako. Ulipobatizwa ulikuwa mchanga, huna hata neno moja la kuahidi, na yeye akakuita kwa jina. Paulo anamwandikia Timotheo: "Kama sisi hatuamini, yeye hudumu wa kuaminiwa. Kwa maana hawezi kujikana mwenyewe." Waisraeli walisema pale Sinai kwamba yote aliyoyanena Bwana watayatenda, na kabla Musa hajashuka mlimani tayari walikuwa wanacheza mbele ya ndama wa dhahabu. Mbao za mawe zikavunjwa. Ukisoma Kutoka 34, Mungu anamwambia Musa achonge mbao nyingine mfano wa zile za kwanza, na maneno yaliyoandikwa juu yake ni yaleyale. Hakupunguza amri hata moja, wala hakuwafukuza.

Kwa hiyo hapana, halikufa. Lakini nisikuambie hayo ukapumua, ukafunga barua hii, na kesho ukafungua kibanda na sado ileile.

Nimelisoma daftari lako kama ulivyolieleza. Maombi, Biblia, zaka, wifi, kikoba. Yote mema. Ila jambo moja ambalo Mungu amekuwa akikugusa nalo mwaka hadi mwaka ndilo pekee ambalo halimo. Nadhani ndiyo maana zile nyingine hazisimami. Mtu hawezi kuamka saa kumi alfajiri kuongea na Mungu huku akijua kuna jambo moja asilotaka kuulizwa. Maombi ya hivyo yanachosha, na usingizi unashinda. Wewe umejihesabu mvivu wa sala. Mimi nakuona mtu anayekwepa kuachwa peke yake na Mungu.

Na Mungu hajanyamaza kuhusu vipimo. Kumbukumbu la Torati 25 inakataza waziwazi mtu kuwa na vipimo viwili nyumbani mwake, kikubwa na kidogo. Kikubwa cha kupokelea, kidogo cha kuuzia. Ni meza yako hiyo, juu yake na chini yake. Amosi aliwatolea ukali wafanyabiashara waliokuwa wakingoja sabato iishe wapate kufungua ghala, wapunguze efa, kipimo chao cha nafaka, na kuongeza shekeli, uzito wao wa kupimia fedha. Walikuwa watu wa ibada wale, sikukuu hawakukosa. Walichokosa ni kumchukua Mungu wa ibadani wakaingia naye sokoni.

Wacha nikupeleke kwa Nehemia, maana kitabu chake kinafanana sana na maisha yako. Ukuta wa Yerusalemu ulipokwisha, watu walisomewa torati, wakalia, wakafunga, na katika sura ya 10 wakaweka agano kwa maandishi, viongozi wakatia muhuri. Ahadi zao hazikuwa za mawinguni: kutonunua bidhaa siku ya sabato, kutoa theluthi ya shekeli kila mwaka kwa ajili ya nyumba ya Mungu, kuleta kuni za madhabahu kwa zamu. Yaani soko, mfuko na kuni. Agano la kweli linashika vitu vinavyoshikika. Kisha Nehemia akarudi kwa mfalme wa Uajemi, na alipokuja tena, sura ya 13, akakuta zimevunjwa. Watu wanakanyaga zabibu sabato, Watiro wanauza samaki ndani ya mji, Walawi wamekosa posho yao wamekimbilia mashambani.

Angalia alichofanya. Hakuandaa mkesha mwingine. Aliamuru malango yafungwe giza linapoingia kabla ya sabato, akaweka vijana wake wayalinde. Wachuuzi wakalala nje mara moja, mara mbili, akawatisha, wakaacha kuja. Alijua kwamba ahadi bila lango haidumu, hata aliyeiweka akiwa analia machozi ya kweli.

Lango lako ni sado hiyo. Ukiisoma barua hii jioni, kesho asubuhi usiende nayo kazini. Usimpe mtu, usiiuze, usiiweke stoo. Ivunje. Halafu utumie ile nzima kwa wote, anayeuza kwako na anayenunua kwako. Ukiweza, hamia kwenye kilo. Tafuta mizani iliyokaguliwa na Wakala wa Vipimo, iweke mbele mteja aione. Bei yako kwa sado itabidi ipande kidogo, maana sasa unatoa sado kamili, na jirani ataonekana wa bei nafuu. Wateja wengine watahama. Sitakuambia kwamba Mungu atakuletea mara mbili yao, kwa sababu hakuniambia. Wapo watu walioacha wizi wakabaki na faida ndogo mpaka leo, na wanamtumikia. Ongea na mumeo mapema kuhusu ada na matumizi ya nyumbani, mjipange mkijua mapato yatashuka.

Hapo kwa mume ndipo penye uzito wako mwingine. Umeubeba mzigo huu gizani. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, ukashika moto miaka ya 1930, ukasambaa Uganda hadi Bukoba na kwingine kwetu, uliacha msemo ambao wazee wetu wa ushirika waliutumia mno: kutembea nuruni. Waliutoa kwa Yohana: "bali tukienenda nuruni, kama yeye alivyo katika nuru, twashirikiana sisi kwa sisi, na damu yake Yesu, Mwana wake, yatusafisha dhambi yote." Kwa walokole wale, toba haikuishia kwenye machozi. Mtu alirudisha jembe aliloiba, alikwenda kwa jirani aliyemsengenya akamwambia hivyo usoni. Yapo waliyoyazidisha, na siyasifu yote, maana kuungama mbele ya umati kila kosa kumewaumiza wengine wasiohusika. Lakini kiini chake tumekipoteza, na mikesha yetu mikubwa haijakirudisha.

Basi mwambie mumeo, nyote wawili mkiwa mmetulia. Halafu mwone mchungaji wako ofisini. Kanisa letu la Kilutheri lina maungamo ya faragha, ingawa wengi tumeyasahau tukadhani ni ya Wakatoliki tu. Mwombe muda, umweleze kwa ufupi, usikie kwa masikio yako akikutamkia msamaha kwa jina la Yesu. Wewe ni mtu uliyesikia tamko la uongo kwamba agano limekatika. Unahitaji kusikia la kweli kwa sauti ya mtu. Kikoba hakihitaji kuambiwa chochote.

Nimekuja kwenye jambo gumu zaidi. Huyo mama lishe. Na yule binti wa kupika.

Maharage yanaweza kurudishwa. Zakayo alisimama akasema nusu ya mali yake anawapa maskini, na aliyemnyang'anya kwa hila anamrudishia mara nne. Wateja waliopita njia hutawapata tena, hao mwachie Mungu na uwakumbuke kwa kuwa mkarimu kwa wengine. Huyu unamjua, unajua hata anafungua saa ngapi. Ile hela uliyokuwa unamwekea mtumishi ndiyo yake. Kaa ukadirie kwa uaminifu viganja vile viwili kwa siku alizonunua, uongeze juu, umpelekee. Usipeleke kwa bahasha isiyo na jina. Mwambie, "Dada, sado yangu ilikuwa pungufu, maharage yako yaliishia kwangu."

Kisha mwambie la pili, ambalo litakuuma kuliko hela: kwamba binti hakuiba, na wewe ulijua. Huenda alifukuzwa kwa neno lako. Huenda aliondoka kwa sababu nyingine. Muulize. Kama yuko mjini, mtafuteni mkasafishe jina lake mbele ya waliosikia, kwa sababu msichana wa kazi akishaitwa mwizi, mlango wa pili na wa tatu humfungia. Mama lishe anaweza kukufokea, anaweza kulitangaza soko zima. Hilo siwezi kukukinga nalo. Mkubalie kila neno la kweli, usijitetee kwamba wengine nao wanafanya.

Ukishaanza njia hiyo, rudi mezani. Usingoje uwe msafi kabisa, siku hiyo haitafika. Paulo alipowaandikia Wakorintho waliokuwa wanaivuruga meza, hakuwaambia wakae kwenye benchi. Alisema, "Lakini mtu ajihoji mwenyewe, na hivyo aule mkate, na kukinywea kikombe." Ajihoji, kisha ale. Wewe umekuwa ukijihoji kila Jumapili na kuondoka na njaa. Mezani pale ndipo Bwana anapolifanya upya agano lake nawe, na kila wakati anayetoa ni yeye.

Na mkesha? Simama. Ila usisimame kama ulivyozoea. Ndugu zetu Wamethodisti wana Ibada ya Agano, ambayo wengi huifanya mwaka unapoanza, na chanzo chake kina funzo kwako. John Wesley, mwanzilishi wao, aliiongoza London, katika kanisa la Wafaransa la Spitalfields, tarehe 11 Agosti 1755, na watu wapatao 1,800 walisimama kuonyesha wamekubali. Lakini kabla ya jioni ile alikuwa amelieleza jambo hilo asubuhi kadhaa mfululizo, na Ijumaa wengi wakafunga, wakimwomba Mungu hekima na nguvu ya kumwahidi na kuishika ahadi. Walioinuka jioni ile walikuwa wamekwisha kufikiri. Sisi mara nyingi tunaitwa ghafla saa sita usiku, ngoma zinalia, jirani analia, na tunaahidi mambo ambayo asubuhi hatuyakumbuki. Kitabu cha Mhubiri kinatuonya kwamba ni afadhali usiweke nadhiri kuliko kuiweka usiiondoe.

Kwa hiyo wiki ile ya Krismasi tafuta siku moja utulie. Acha daftari la zamani. Andika jambo moja tu, ambalo tayari umekwisha kulianza, mfano: nitapima kwa kipimo kimoja. Mwonyeshe mumeo ili awe shahidi, kama Yoshua alivyosimamisha jiwe kubwa chini ya mwaloni pale Shekemu liwe shahidi wa maneno yao. Na usiku ule ukisimama, hutakuwa unamwambia Mungu habari mpya. Hayo ya saa kumi alfajiri yasubiri. Anza na dakika chache unapofungua kibanda, kabla hujashusha magunia: Bwana, leo tena mimi ni wako, na hawa watakaokuja kununua ni wako. Jioni ukihesabu mauzo, hesabu na hilo.

Utateleza. Siku itafika utamdanganya mteja kuhusu maharage ya zamani ukayaita mapya. Siku hiyohiyo mrudie Mungu, na kama mteja yupo mrudie. Usilibebe kosa la Machi mpaka Desemba. Binti yako anajifunza hayo darasani sasa hivi: Katekisimo Ndogo, ambayo Luther aliitoa 1529, inafundisha kwamba ubatizo maana yake mtu wa kale ndani yetu azamishwe kila siku kwa majuto na toba, na mtu mpya ainuke kila siku. Kila siku, mwanangu. Mkesha unatukumbusha tu.

Huyo binti naye ana haki ya jibu, maana alikuuliza kwa moyo safi ukampa uongo. Huhitaji kumweleza yote. Mwambie ulikuwa na dhambi uliyokataa kuiacha, ndiyo iliyokuzuia, na sasa umeiacha. Siku yake ya kipaimara atasimama mbele ya usharika amkatae Shetani na kazi zake zote. Itamsaidia kuwa amemwona mama yake akifanya hivyo kwa sado.

Kuhusu wifi yako, hukuniambia mligombania nini, nami siwezi kushauri nisichokijua. Ukimaliza haya ya sokoni, niandikie.